Kuona na Kupita: Steinbeck, Mtoto wa Miaka Sita na Safari Zetu za Taratibu

Kijana mmoja wa usharika ninaoabudu alikuja nyumbani kuniaga. Alikuwa amemaliza kazi ya mkataba mjini, ana akiba kidogo, na alikusudia kuizunguka nchi kutoka Mtwara hadi Bukoba kwa mabasi ya kawaida, gari moshi na meli, bila haraka, akilala popote giza litakapomkuta. Nilimwuliza anafuata nini huko. Akajibu, "Najitafuta, Mchungaji."

Wazazi wengi hulisikia neno hilo kila siku. Vijana wetu wanaposema wanajitafuta, mara nyingi wanatafuta ajira, mtaji au kiwanja, na aliyefanikiwa husemwa kwamba amejipata. Huyu hakuwa anazungumzia mfuko. Alitaka kujua maisha yake yana maana gani, naye aliamini kwamba jibu liko njiani, katikati ya watu wa nchi yake asiowajua. Nilimwombea, kisha nikampa kitabu changu cha zamani akisome safarini: Travels with Charley, cha Mmarekani John Steinbeck.

Tangu aondoke nimekisoma upya kwa nakala ya kuazima. Naandika makala hii kwa sababu nilimpa kitabu kizuri bila kumwonya juu ya kasoro yake, na kasoro hiyo ni ya wengi wetu.

Steinbeck alizaliwa Salinas, California, mwaka 1902. Kufikia mwaka 1960 alikuwa mwandishi mashuhuri wa miaka 58, afya yake imeanza kutetereka, na dhamiri ilimsumbua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiandika habari za nchi aliyoijua kwa kumbukumbu tu. Akaagiza pikapu iliyojengewa kijumba nyuma, chenye kitanda na jiko. Akaiita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Mwezi Septemba akaondoka nyumbani kwake katika jimbo la New York pamoja na mbwa wake Charley. Alipanda kaskazini hadi Maine, akakata kuelekea magharibi hadi pwani ya Pasifiki, akashuka California, kisha akarudi kwa kupitia Texas na majimbo ya kusini. Jumla yake ni yapata kilomita 16,000. Kitabu kilitoka mwaka 1962, mwaka uleule alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi.

Uzuri wa kitabu hiki hauna ubishi. Steinbeck anakwepa barabara kuu kila anapoweza, kwa kuwa anajua kwamba mtu anaweza kuvuka nchi nzima kwa kasi asione kitu. Kule Maine anakuta familia za Wakanada waliokuja kuvuna viazi. Hawavamii kwa maswali. Anamwachia mbwa atangulie, kisha yeye anakwenda kuomba radhi kwa usumbufu wa mbwa, na jioni wote wamekaa ndani ya kijumba chake wakinywa na kuzungumza. Yeyote aliyewahi kusafiri na mtoto mchanga ndani ya basi anaijua njia hiyo: mtoto akimshika abiria wa jirani kidole, mazungumzo yameanza. Hapo mwandishi anatufundisha unyenyekevu wa mgeni.

Kuna pia ukurasa ambao kila mchungaji angepaswa kuusoma. Jumapili moja huko Vermont, Steinbeck anaingia kanisani na kukuta mhubiri mkali, wa moto na hukumu. Hakasiriki. Anafurahi, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyezichukulia dhambi zake kuwa jambo zito. Anatoka akijiona mtu wa maana tena. Ninapousoma ukurasa huu nacheka, kisha nasita. Mahubiri yale yamemwacha palepale alipokuwa, anajitazama. Jumapili zinazofuata anapita katika makanisa mengine akitafuta mhubiri wa kiwango kile, kama mtu anayeonja mchuzi. Hatusikii kwamba alibaki kunywa chai na washarika, wala kwamba alimjua hata mmoja kwa jina.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe. Mwaka 2010 mwandishi wa habari wa Marekani, Bill Steigerwald, aliifuata njia ileile, akalinganisha kitabu na barua za Steinbeck pamoja na mswada wa kwanza. Aliona kwamba msafiri yule mpweke hakuwa mpweke sana. Siku nyingi alikuwa na mkewe, usiku mwingi alilala hotelini, na baadhi ya watu anaodai kuzungumza nao ni vigumu kuamini kwamba walikuwapo. Toleo la mwaka 2012, lililoadhimisha miaka 50 ya kitabu, lina utangulizi unaomtahadharisha msomaji asikichukue kama habari kamili.

Wapo wanaosema hilo si kitu, kwa kuwa mwandishi wa riwaya huruhusiwa kupamba. Mimi naona ni kitu, na si kwa sababu ya usahihi wa tarehe na mahali pa kulala. Mtu wa kubuni hana shida. Hawezi kukuomba nauli, hawezi kukuamsha saa nane za usiku, wala hawezi kukataa usemi uliomwekea kinywani. Anayesafiri kati ya watu wa kubuni, hata akienda polepole namna gani, hajatoka nyumbani kwake.

Na alipokutana na watu halisi, ilikuwaje? Twende New Orleans. Tarehe 14 Novemba 1960 mtoto mweusi wa miaka sita, Ruby Bridges, aliingia katika shule ya msingi ya William Frantz, iliyokuwa ya weupe peke yao, akilindwa na maofisa wa serikali kuu. Kila asubuhi kundi la watu, wengi wao wanawake, lilisimama nje likimtukana. Steinbeck alizisikia habari hizo akaenda kushuhudia. Aliiacha Rocinante mbali, akapanda teksi, akasimama katikati ya umati, akasikia matusi ambayo anasema magazeti hayakuweza kuyachapa. Ni kurasa zenye nguvu kuliko zote za kitabu chake. Alichafukwa na roho. Kisha akaondoka mjini.

Njiani alimpa lifti mzee mweusi aliyekuwa akitembea kwa miguu. Akamwuliza maswali juu ya mambo aliyoyaona. Mzee aliogopa, katika nchi ile, wakati ule, maswali ya mzungu asiyemjua yangeweza kumgharimu. Baada ya muda aliomba ashuke, akisema anakaa karibu. Steinbeck akamwona katika kioo cha gari akiendelea kutembea. Baadaye alimpakia mzungu mmoja mwenye chuki ya rangi, wakagombana, akamshusha. Hazikupita siku nyingi, alipofika Abingdon, Virginia, akahisi kwamba safari yake imekwisha ingawa gari bado linakwenda. Hakuona tena wala kusikia; alitaka kufika nyumbani tu.

Wahakiki wengi hueleza kwamba alikuwa amechoka. Ni kweli, alichoka. Lakini mimi nasoma hivi: safari ilikufa kwa sababu ilikuwa imempata jirani, na msafiri hakuwa amejiandaa kwa jambo hilo. Alikuja kuitafuta nchi. Nchi ikamjia katika umbo la mtoto mdogo mwenye mkoba wa shule, naye akaona na kupita. Ninyi mnaijua Luka 10 kama ninavyoijua mimi. Kuhani na Mlawi hawakuwa vipofu. Walimwona vizuri kabisa yule aliyelala kando ya njia.

Msomaji ataniuliza, kwa haki, mgeni yule angefanya nini? Nami nakiri kwamba kuandika alichokiona ni ushuhuda, na ushuhuda una kazi yake. Lakini hatuhitaji kukisia mtu angeweza kufanya nini, kwa maana wapo waliofanya. Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, Robert Coles, aliyekuwa akitumikia jeshi la anga katika jimbo jirani la Mississippi, aliliona kundi hilohilo. Akajitolea kumtembelea Ruby na wazazi wake nyumbani kwao, akarudi tena na tena. Ni yeye aliyeueleza ulimwengu kwamba mtoto yule alikuwa akiwaombea waliomtukana. Naye mwalimu Barbara Henry, aliyetoka Boston, alimfundisha Ruby peke yake darasani mwaka mzima, kwa sababu wazazi weupe waliwaondoa watoto wao. Hawa nao walikuwa wageni pale. Tofauti yao na Steinbeck haikuwa katika mwendo wa safari. Walikubali kusimamishwa.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana mwamuzi mwenye haki. Lakini nina kurasa zangu za kukiri.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kufundisha semina Kigoma. Ningeweza kwenda kwa ndege. Nilichagua gari moshi la reli ya kati, ile iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, kwa sababu nilitaka kuiona nchi na kuutuliza moyo wangu baada ya mwaka mgumu. Nilibeba daftari. Niliandika juu ya mibuyu ya Dodoma, juu ya watoto wanaokimbia sambamba na behewa, juu ya wauza asali. Usiku wa pili niliandika pia juu ya mama mmoja aliyeketi koridoni na mtoto mgongoni, mzigo wake miguuni. Niliandika kwamba uso wake ulikuwa uso wa nchi yetu. Niliupenda sana ule mstari.

Kabla ya Tabora alisogea mlangoni petu akasema kwa sauti ya chini, "Baba, samahani, naomba simu nimpigie kaka yangu aje kunipokea. Yangu imezima, na mtoto anachemka." Nilikuwa nimefumba macho. Sikuwa nimelala. Nilijiambia kwamba nimechoka, kwamba betri yangu ni ndogo, kwamba wengine wapo. Mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa kitanda cha juu akashuka, akamwambia, "Chukua hii, dada, salio lipo." Akampa na chupa yake ya maji, na gari liliposimama akamshushia mzigo.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi. Niliporudi nilihubiri juu ya Msamaria Mwema, nikaisimulia habari ile. Nikasema, "Tukampa simu." Wapendwa, angalieni jinsi silabi moja inavyoweza kumbeba mtu. Mfanyabiashara alimpa, mimi nikasema *tu*kampa. Baada ya ibada bibi mmoja, mzee wa kanisa, alinishika mkono mlangoni akasema, "Mungu akubariki, Mchungaji, kwa kumsaidia yule mama." Nami nikajibu, "Amina."

Basi sina jiwe la kumtupia Steinbeck. Nimefanya makosa yake yote mawili, la kupita na la kupamba, tena mimi niliyafanyia madhabahuni. Ndiyo maana nasema makosa haya mawili ni ndugu. Anayepita bila kusimama hubaki na pengo katika simulizi lake, na pengo hilo humshawishi alizibe kwa maneno. Tuwe waangalifu hata na shuhuda tunazotoa katika mikutano yetu. Tukiona simulizi limenyooka mno na msimulizi yuko katikati yake kila mara, tuulize ni nani aliyeshuka kutoka kitanda cha juu.

Martin Luther aliueleza moyo wa mwenye dhambi kuwa ni moyo uliojipinda ukajigeukia wenyewe. Moyo wa namna hiyo unaweza kusafiri. Unaweza kutoka Mtwara hadi Bukoba na kurudi, ukaona maziwa na milima, na kila mahali ukajiona wenyewe. Katika kijitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, mwaka 1520, Luther alifundisha kwamba imani humtoa mtu ndani ya nafsi yake na kumweka kwa Kristo, na upendo humpeleka kwa jirani. Hatujipati kwa kujitazama kwa makini zaidi. Tunapatwa.

Wanafunzi wawili wa Emau walitembea taratibu katika nchi yao wenyewe, safari ya saa chache, wakizungumza juu ya huzuni yao. Mwendo wa polepole haukuwafungua macho. Maelezo ya Maandiko yaliwasha mioyo yao, lakini bado hawakumtambua aliyefuatana nao. Jua lilipokuwa likizama, mgeni alionekana kama anataka kuendelea mbele, nao wakamsihi abaki. Ni mezani, mkate ulipomegwa, ndipo walipomtambua. Jambo walilolifanya wao katika habari hiyo ni dogo: walimfungulia mlango mtu waliyedhani hawamjui.

Kwa hiyo kitabu cha Steinbeck kisomwe. Kisomwe kwa ajili ya viazi vya Maine na kanisa la Vermont, na kurasa za New Orleans zisomwe kwa sauti na vijana wetu. Ila msomaji asikifunge kabla ya kuuliza yule mzee aliyeshuka garini alifika wapi.

Kijana wangu bado yuko njiani. Mara ya mwisho aliniandikia akiwa Uvinza, akisifia chumvi na machweo ya jua. Nilimjibu kwamba nafurahi. Kisha, nikiwa nimechelewa miezi mingi, nikamsimulia habari ya mama wa Tabora kama ilivyokuwa, bila *tu*. Jumapili iliyofuata nikamsimulia na yule bibi mzee wa kanisa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na yule mtoto alipona?"