Boti ya Mgeni: Ni Mzigo au ni Chombo?

Tangu Bunge lilipopitisha, mwaka 2021, sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri wamekuwa na kazi isiyokwisha, na maandishi ambayo zamani yalibaki katika Kiingereza sasa yanafika mpaka vijijini yakiwa yamevaa vazi la Kiswahili. Katika hayo kimetufikia hapa Goweko kijitabu cha maelekezo kwa mgeni anayetaka kuandikisha boti yake binafsi, kuiingiza nchini na kuiweka mahali wakati ambapo haitumii. Ofisi iliyokitoa hatutaitaja, kwa sababu kasoro tutakazozieleza si zake peke yake.

Huenda msomaji akauliza, Goweko na boti wapi na wapi? Stesheni yetu iko kwenye Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, na maji tuliyo nayo ni ya visima na mabwawa. Lakini njia ya kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika, kwanza ya misafara na baadaye ya reli, ilipita katika nchi hii ya Wanyamwezi. Kwa hiyo boti isiyoundwa ziwani kwenyewe, kabla haijaelea, ilikuwa haina budi kubebwa katika nchi kavu. Jambo hilo ndilo lililotufanya tukisome kijitabu kile kwa makini kuliko pengine angekisoma mtu wa bandarini.

Mwaka 1857 Burton na Speke walikuwa na mashua ya chuma ya vipande, iliyoitwa Louisa. Waliiacha pwani kwa kukosa wapagazi wa kuibeba. Matokeo yake ni kwamba mwaka uliofuata, walipofika Ujiji, Speke alilazimika kuvuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge ili akodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, na akarudi mikono mitupu. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874 alijifunza kwa wenzake: boti yake, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa watu. Hiyo haikupita kwetu, kwa kuwa msafara uligeukia kaskazini kutoka Ugogo kuelekea Ziwa Viktoria. Ziwa Tanganyika iliizunguka mwaka 1876. Kisha ikaja meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapakuliwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Masanduku yale yalipopita Goweko yalikuwa mizigo ya gari moshi kama mizigo mingine. Hapakuwa na meli.

Wapagazi waliijua tofauti hiyo bila ya kufundishwa, na sheria inaijua pia. Boti inayokuja kwa nguvu zake yenyewe kutoka Mpulungu au Bujumbura na kutia nanga Kigoma ni chombo cha usafiri: ina nahodha, nahodha anatoa taarifa, na chombo kinahesabiwa kuwa kimefika. Boti hiyo hiyo ikija ndani ya kontena mpaka Dar es Salaam, kisha ikapandishwa juu ya lori, ni bidhaa kama cherehani au pampu ya maji, na anayewajibika ni mwagizaji. Kijitabu tunachokihakiki kinatumia kitenzi kimoja, “kuwasili”, kwa hali zote mbili. Mgeni aliyeleta boti yake kwa lori anasoma kwamba nahodha atoe taarifa ndani ya muda fulani baada ya boti kuwasili. Hana nahodha, na boti haijagusa maji. Je, afanye nini? Anangoja boti ifike ziwani, na huku ghala la bandarini linamhesabia siku. Kiswahili hakikuwa na upungufu hapo. Chombo huja, mzigo huletwa. Mfasiri angeandika “boti iliyokuja” na “boti iliyoletwa”, na mtu wa mwaloni angeelewa sawasawa na karani wa forodha.

Tuingie sasa katika neno la kwanza la kijitabu, yaani “usajili”, ambalo ndilo lenye matata zaidi. Hatuna ugomvi na neno lenyewe, maana limekwisha kukubalika. Ugomvi wetu ni kwamba limebebeshwa kazi nne. Linatumika kwa tendo la mwenye boti kupeleka maombi yake. Kwa tendo la ofisa kuiingiza boti katika daftari. Kwa hati inayotoka baada ya hapo. Na, ajabu zaidi, kwa leseni ya kuendesha shughuli majini. Mazoea ya lugha yetu yanatupa njia rahisi. Mzazi huandikisha mtoto shuleni, na mwalimu ndiye anayemsajili. Basi mwenye boti na aandikishe, na msajili asajili, na kinachotoka kiitwe cheti cha usajili. Ama leseni, hiyo hukatwa, kama kila mvuvi anavyosema, na kukata leseni si kusajili. Boti inaweza kuwa imesajiliwa na isiwe na ruhusa ya kubeba hata abiria mmoja wa malipo.

Katika sehemu hii kijitabu kinasema pia kwamba usajili “unathibitisha umiliki na uraia” wa boti. Hapa wafasiri wanapaswa kwenda polepole sana. Usajili huipa boti bendera. Na bendera huonyesha ni sheria ya nchi gani inayofuatwa ndani ya boti, na ni nchi gani itakayoulizwa ikiwa boti hiyo imevunja sheria. Kuita jambo hilo “uraia” ni kumfanya msomaji adhani kwamba boti inafuata uraia wa mwenyewe. Watu wa pwani yetu wamewahi kuingia katika kesi kubwa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Wenye majahazi wa Sur, raia wa Sultani wa Maskati, walikuwa wakisafiri hadi Zanzibar chini ya bendera ya Ufaransa, kwa hati walizopewa na Wafaransa. Uingereza na Ufaransa zilipeleka shauri hilo katika mahakama ya usuluhishi huko The Hague, na hukumu ikatolewa mwaka 1905: baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa isingeweza kumpa raia wa Sultani bendera yake, isipokuwa yule aliyethibitisha kwamba Ufaransa ilikuwa ikimhesabu kuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya mwaka 1863. Mwenye jahazi alibaki kuwa mtu wa Sultani; bendera ndiyo iliyokuwa ya watu wengine.

Wala si mambo ya kale tu. Nchi yetu ina madaftari mawili, la Tanzania Bara na la Zanzibar, na la Zanzibar hupokea pia meli za wageni. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania kwa usajili wa Zanzibar, wakati Iran ilikuwa chini ya vikwazo, na Serikali ikalazimika kuzifuta. Ofisa aliyezoea kuandika “uraia wa chombo” angeweza kweli kudhani kwamba meli ya Mwirani haiwezi kuwa na bendera yetu. Sisi tunapendekeza “bendera ya usajili”, maneno ambayo hayamhusishi mwenye boti hata kidogo.

Kosa hilo linafuatana na lingine, la neno “ya kigeni”. Fundi wa Kigoma akimwundia Mzambia boti ya mbao, na Mtanzania akinunua boti ya plastiki iliyotoka Ulaya, ipi ni boti ya kigeni? Kwa bendera huenda ni ya kwanza. Kwa forodha ni ya pili. Kwa mwenyewe ni ya kwanza tena. Katika Ziwa Tanganyika swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kati ya nchi nne zinazolizunguka, tatu sasa zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi tangu 2007 na Kongo tangu 2022, na Zambia haimo. Kijitabu kingepaswa kusema kila mara: boti yenye bendera ya nchi nyingine, boti ya mtu asiye raia, au boti isiyolipiwa ushuru. Ni maneno mengi, ndiyo, lakini ushuru unaodaiwa kwa makosa ni mwingi zaidi.

Kuhusu forodha, istilahi iliyotumika ni “uingizaji wa muda”. Tulimwonyesha mwalimu mmoja wa hapa kijijini, naye akauliza kwa nia njema kabisa, muda nao huingizwaje nchini? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inaruhusu kitu kiingizwe bila ya kutozwa ushuru kwa sharti kwamba kitatolewa tena nje ndani ya muda uliowekwa, usiozidi miezi 12. Kiini chake ni sharti la kurudisha. Muda ni mpaka wake tu. “Uingizaji wa muda” unamwambia mgeni habari ya mpaka na kumficha sharti lenyewe, kiasi kwamba anaweza kudhani kwamba miezi ikiisha boti inakuwa yake kwa kukaa. Tungependa Baraza lifikirie “uingizaji wa kurudisha”. Limekaa kama “mkopo wa kurudisha”, na karani hahitaji kamusi.

Tunafika kwenye neno lililotukera zaidi, nalo ni “kuhifadhi”. Kijitabu kinamwelekeza mgeni aende kwenye “hifadhi ya boti”. Katika mkoa wa Kigoma, hifadhi ni Gombe, na ni Mahale, na zote mbili ziko ukingoni mwa ziwa. Mtu aendeshaye boti akiambiwa aipeleke hifadhini ataipeleka kwa sokwe, na huko atadaiwa kiingilio. Aidha, kuhifadhi ni kukinga kitu kisiharibike, na si kila boti iliyowekwa imehifadhiwa. Wajerumani walipoizamisha Graf von Götzen Julai 1916 walizipaka mashine zake grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mashine zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hapo kweli palikuwa na kuhifadhi, tena chini ya maji! Lakini boti inayooza juani nyuma ya ghala kwa miaka mitatu imewekwa tu.

Mabaharia wa pwani wana neno “kujahabu”, yaani kukipandisha chombo pwani ili kitengenezwe, na lina haki ya kuingia katika sheria pale panapozungumzwa matengenezo. Hata hivyo tusilipeleke ziwani bila ya kufikiri. Msamiati mwingi wa pwani umejengwa juu ya maji kupwa na kujaa, na ziwani maji hayapwi. Boti huvutwa kwa magogo na kwa mikono ya watu. Kwa boti isiyotumika, tunapendekeza “kulaza”. Madereva husema gari limelazwa mahali fulani, na hakuna anayedhani kwamba linatengenezwa au kwamba limefikishwa ghala la forodha. Mahali penyewe paitwe “malazo ya boti”, na ghala ambalo boti hukaa ushuru wake ukiwa haujalipwa libaki na jina lake, “ghala la dhamana”, kwa kuwa mtu aliyelaza boti hudaiwa kodi ya mahali, na aliyeiweka katika ghala la dhamana bado anadaiwa na Serikali.

Mwisho ni “boti ya starehe”, jina walilopewa boti zote zisizobeba abiria au mizigo kwa malipo. Daktari anayevuka kwenda zahanati ya kijiji kisicho na barabara hana starehe yoyote katika mawimbi ya Agosti, na ofisa akisoma jina hilo atamtoza kama mtalii. “Boti isiyo ya biashara” inatosha, nasi tumeiandika hivyo kwa kalamu katika nakala yetu kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe.