Mtihani wa Kiingereza na Insha za Kukariri

Mwaka 2021 serikali ya Kenya na serikali ya Uingereza zilipatana kwamba wauguzi wa Kenya waliokosa kazi kwao wapate njia ya kwenda kuuguza katika hospitali za Uingereza. Miezi michache baadaye Waziri wa Afya wa wakati ule, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza jambo ambalo watu hawakulitazamia: katika wauguzi 300 waliopimwa Kiingereza, waliofaulu ni 10 tu. Habari ile ilizunguka nchi nzima. Wengine walicheka, wengine wakaona haya, na wengine wakakasirika wakisema, Yawezekanaje mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu utoto wake, akafanya mitihani yake yote kwa Kiingereza, akaandika habari za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku, aambiwe kwamba hajui Kiingereza?

Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu kadiri tuwezavyo, maana sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili. Yuko binti mmoja wa kijiji chetu, muuguzi wa zahanati, aliyetujia mwaka uliofuata akiwa tayari ameandikisha jina lake kwa mtihani. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe ili ada ilipwe. Akatuambia, "Mwalimu, nimebakiwa na majuma sita. Naomba unisaidie." Nasi tulimsaidia kwa namna tuliyoijua, nayo ilikuwa namna mbaya. Tulitafuta kijitabu cha insha zilizokwisha kuandikwa, tukachagua kumi na mbili, tukamwambia azishike zote kwa moyo. Kila jioni alikuja akatusomea bila kutazama karatasi, kama mtoto asemavyo jedwali la kuzidisha. Tulifurahi sana. Siku ya mtihani swali likawa kama wazee wafaa kukaa na watoto wao au katika nyumba za kutunzia wazee, na katika zile insha kumi na mbili hiyo haikuwamo. Alichukua iliyokaribia, ya watu kuhamia mjini, akaishindilia mle kwa nguvu. Alipata 5.5. Aliporudi alitwambia neno ambalo hatujalisahau: "Mwalimu, jibu la swali lile nililijua. Lakini sikuwa na insha yake."

Basi na tuutazame mtihani wenyewe, kwa kuwa wengi huuogopa bila kuuona. Huu uitwao IELTS ulianza mwaka 1980 kwa jina jingine, ukapata jina lake la sasa mwaka 1989. Wenyewe ni watatu: British Council, IDP ya Australia, na idara ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema, na alama zake hupanda kwa nusu nusu mpaka 9. Baraza la wauguzi la Uingereza hutaka 7 katika kusikiliza, kusoma na kusema, na 6.5 katika kuandika. Aliyepata 8 katika kusoma hawezi kuchota kidogo akajazie palipopungua katika kuandika. Kila sehemu yasimama kwa miguu yake. Tena matokeo hukubaliwa kwa miaka 2 tu, kana kwamba Kiingereza ni dawa iliyoandikwa tarehe ya kuharibika kwake.

Juu ya kusikiliza hatuna mengi ya kusema. Maneno husikika mara moja tu, maswali ni 40, na anayekosea herufi za neno huikosa alama yake. Watu hulalamika, lakini sisi twaona ni sawa. Daktari anayetaja kipimo cha dawa kwa simu usiku wa manane hapendi kuombwa arudie mara tatu.

Sehemu ya kusoma ndiyo tunayoipenda. Mtahiniwa hupewa habari tatu ndefu, na saa moja ya kujibu maswali 40. Katika baadhi ya maswali huandikiwa sentensi, kisha huulizwa: Je, habari hii yalikubali neno hili, au yalikana, au hailitaji kabisa? Hapo ndipo vijana wetu wengi huanguka. Tuseme habari yasimulia kwamba mzee mmoja alikwenda sokoni siku ya Jumamosi akanunua chumvi. Kisha sentensi yasema, Mzee huyo hakununua sukari. Ukiwauliza wanafunzi, wengi watajibu upesi kwamba ni kweli, maana sukari haikusemwa. Lakini habari haikusema kwamba alinunua chumvi peke yake. Labda alinunua na sukari, labda hakununua. Habari imenyamaza, basi jibu ni kwamba haikutajwa. Mtu ajuaye kutenga lililokanushwa na lililonyamaziwa hadanganywi upesi na wauza dawa wa mnadani, wala na wanaoomba kura. Laiti swali la namna hii lingekuwamo katika mitihani yetu ya Kiswahili tangu darasa la tano! Twafundisha watoto kwamba kila swali jibu lake limo kitabuni, tena limo katika mstari fulani, nao huutafuta mstari huo hata mahali usipokuwapo.

Katika kusema, jambo jingine latokea, nalo halihusu sarufi. Mtahiniwa huzungumza na mtahini mmoja kwa dakika 11 hata 14. Katikati ya mazungumzo hupewa kadi yenye jambo la kusimulia, labda mtu aliyemsaidia au safari aliyoipenda. Hufikiri dakika moja, kisha husema peke yake dakika moja hata mbili. Sasa, sisi tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu, akiulizwa na mkubwa asiyemjua, hujibu kwa ufupi na kungoja aulizwe tena. Binti yetu aliulizwa kama aipenda kazi yake. Akajibu, Ndiyo. Akanyamaza. Kwetu hilo ni jibu la mtu mwenye heshima. Mbele ya mtahini ni jibu la mtu aliyeishiwa maneno. Wala hatusemi kwamba mtahini alimwonea. Alipima maneno, na maneno hayakuwapo. Wala binti hakukosa kwa kuwa na malezi mema. Sisi ndio tuliokosa, maana tulimpa majuma sita ya kukariri na hatukumpa hata dakika mbili za kumweleza kwamba pale kusema sana si ujuvi.

Twaja sasa kwenye kuandika, na hapa lawama zetu ni mbili, moja kwa mtihani na moja kwetu. Kazi ni mbili katika saa moja. Ya kwanza, kwa maneno yasiyopungua 150, ni kueleza mchoro wa hesabu, au ramani, au jinsi kitu fulani kifanyikavyo kiwandani. Ya pili, kwa maneno yasiyopungua 250, ni kutoa hoja juu ya jambo linalobishaniwa na watu, nayo ina uzito mara mbili kuliko ile ya kwanza. Kwa kijana aendaye chuo kikuu, kazi hizi zafaa, maana ndizo atakazozifanya huko. Lakini muuguzi atasimama lini kando ya kitanda cha mgonjwa aeleze jinsi bei za umeme zilivyopanda na kushuka kwa miaka kumi? Kuna mtihani mwingine, uitwao OET, uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya. Huko muuguzi hupewa maandishi ya habari za mgonjwa, akaandika barua ya kumpeleka kwa daktari au kwa muuguzi mwenziwe: ameugua nini, amepewa nini, ni lipi la kuangaliwa. Baraza la wauguzi la Uingereza huukubali tangu mwaka 2017. Twaona ni mtihani wa haki zaidi kwa mtu wa kazi ile. Taabu yake ni kwamba ada yake ni kubwa kupita ya ule wa kwanza, na mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuuza wawili.

Hata hivyo, ile kazi ya pili, ya hoja, hatuwezi kuilaumu. Haimwulizi mtu elimu ya mbali. Yamwuliza tu, Wewe waonaje, na kwa sababu gani? Hapo vile vijitabu vya matayarisho vyafanya madhara makubwa. Tumevisoma vingi sasa, na vyafanana kama mayai. Vyampa msomaji maneno ya kufungulia insha yanayofaa swali lolote, kwa hiyo hayajibu swali hata moja. Vyampa maneno makubwa ya kupachika, kama mtu apigiliavyo misumari ya shaba kwenye mlango wa makuti. Vyaahidi alama kubwa kwa siku chache. Lakini watahini wamefundishwa kuitambua insha iliyokaririwa, wala kuitambua si vigumu. Mwandishi huanza kama profesa, na mara anapofika kwenye maneno yake mwenyewe huanza kujikwaa. Kila asomaye huona mahali nguo ya kuazima ilipoishia. Na sisi walimu tusivitupie vijitabu lawama yote. Vyauzwa kwa sababu tulikwisha kuwafundisha watoto, tangu siku ya kwanza, kwamba Kiingereza ni maneno ya mtu mwingine yaliyoandikwa ubaoni, na kazi ya mwanafunzi ni kuyanakili bila kosa.

Kuna neno moja la kuwafariji walioshindwa. Mwaka 1913 Cambridge ilifanya kwa mara ya kwanza mtihani wa Kiingereza kwa wageni waliotaka ushahidi kwamba waweza kuifundisha lugha hiyo katika nchi nyingine. Ulichukua saa 12. Walioufanya walikuwa watu 3, na wote 3 walishindwa. Tena katika mtihani ule ilikuwamo kazi ya kufasiri baina ya Kiingereza na Kifaransa au Kijerumani, yaani mtahiniwa aliruhusiwa kufika mlangoni pamoja na lugha yake. Leo lugha ya mtahiniwa haiulizwi kabisa.

Wako wasemao kwamba mambo haya yote ni mlango wa kuzuia watu. Hawakosi kabisa. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo watu wake, wakiomba ruhusa ya kuingia, hawatakiwi kuonyesha kwamba wajua Kiingereza, na katika orodha hiyo hamna hata nchi moja ya bara la Afrika, ijapokuwa ziko zinazoendesha mahakama na bunge kwa lugha hiyo. Wasomaji wetu wakumbuka habari za vivuko vya Yordani katika kitabu cha Waamuzi, jinsi Waefraimu walivyoulizwa neno moja, na kwa sauti moja tu iliyowashinda wakauawa. Mtihani wa leo ni wa upole zaidi, wala hausikilizi neno moja tu. Lakini yeye aliye upande huu wa mto hawezi kujizuia kuwaza ni nani aliyewekwa kulinda kivuko.

Binti alipotujia mara ya pili, insha kumi na mbili tulizitia jikoni, zikawashia moto. Tulimwambia aje kila jioni atusimulie jambo moja lililotokea zahanati siku ile, kwanza kwa Kiswahili. Mama aliyemleta mtoto akiwa amechelewa siku tatu, na sababu ya kuchelewa. Friji ya chanjo iliyozimika. Mzee aliyekataa sindano mpaka alipoitwa mjukuu wake. Kisha alikaa akaandika habari hiyo hiyo kwa Kiingereza, kwa dakika 40, nasi hatukugusa kalamu nyekundu kabla ya kumwuliza, "Hapa ulitaka kusema nini?" Mara nyingi alichotaka kusema kilikuwa kizuri kuliko alichoandika. Alifuta, akaandika tena kwa maneno madogo. Baada ya mwezi mmoja aliweza kutoa hoja kwamba zahanati ifunguliwe usiku, na hoja ile ilitushinda hata sisi tuliokuwa tukimbishia. Katika kusema tulimpa kazi ya kumjibu bibi yetu mwalimu wa jirani, ambaye hakubali jibu la neno moja kwa mtu awaye yote, hata kwa mkaguzi wa shule.

Matokeo yalikuja mwaka jana. Kusikiliza 7.5, kusoma 7, kusema 7, kuandika 6. Amepungukiwa na nusu alama. Baraza la wauguzi hukubali matokeo ya mara mbili yaunganishwe kwa masharti yake, basi atajaribu tena, na safari hii ada ataitoa katika mshahara wake. Tulimwomba atuandikie swali alilopewa katika ile kazi ya hoja na yale aliyoyajibu, kadiri alivyoyakumbuka. Akaandika kurasa mbili bila kusimama. Tumezisoma mara nyingi tukiitafuta nusu alama iliyopungua. Katika ukurasa wa pili kuna vitenzi vitatu vya wakati uliopita vilivyoandikwa kama vya sasa, na sentensi moja ndefu iliyopotea njia. Hoja yenyewe yasimama. Jana jioni alikuja tena na daftari lake.