Amri Ikikaa Kimya

Andika `zfs snapshot data/hesabu@jumatatu`, bonyeza Enta, utaona hakuna kilichotokea. Mstari unashuka, kishale kinapepesa, teminali inangoja uendelee na shughuli zako. Hakuna tiki ya kijani wala kidirisha cha kukupa hongera. Hata kama humo mna terabaiti nne za daftari, risiti na mikataba, kazi imekwisha kabla kidole hakijainuka kwenye kibodi. Mgeni wa kazi hudhani amekosea, akairudia amri ile ile. Hapo ndipo mashine hufungua kinywa, kumwambia kwamba snapshoti ya jina hilo ipo tayari.

Kasi hiyo inatokana na kwamba hakuna kilichonakiliwa. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, walioanza kuujenga mfumo wa faili wa ZFS katika kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2001 na kuuweka hadharani mwaka 2005, waliusimamisha mfumo wao juu ya sharti moja gumu: bloku inayotumika haiandikwi juu yake kamwe. Ukibadilisha faili, maandishi mapya yanakwenda kukaa penginepo kwenye diski, kisha viashiria vinageuzwa kuelekea huko. Bloku ya zamani hubaki ilipo mpaka iruhusiwe kuondoka. Snapshoti basi ni neno la mdomo tu kati ya mfumo na diski kwamba bloku hizi za zamani zisiachiwe. Siku ya kwanza haili nafasi ya kutajika, na huanza kuila kadiri data hai inavyozidi kuachana nayo.

Ila snapshoti iliyomo katika diski zile zile itakufa pamoja nazo, na hilo wengi hujifunza wakiwa wamechelewa. Lazima itoke nje ya nyumba. Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye uzuri hasa wa kazi hii:

`zfs send -i @jumatatu data/hesabu@jumanne | ssh akiba zfs receive ghala/hesabu`

Isome kutoka kushoto. Toa tofauti kati ya Jumatatu na Jumanne, ipitishe kwa ssh hadi mashine iitwayo akiba, huko ipokelewe iingizwe ghalani. Amri ya kwanza haina habari yoyote ya mtandao. Yenyewe inamimina tu baiti, na ule mstari mmoja uliosimama, bomba lililoingia Unix mwaka 1973 kutokana na wazo la Doug McIlroy wa Bell Labs, ndio unaozibeba. Tofauti nayo haitafutwi kwa kulinganisha faili na faili. Kila kiashiria cha bloku kimeandikwa namba ya muamala uliokizaa, kwa hiyo tawi zima lililozaliwa kabla ya Jumatatu linarukwa bila kufunguliwa. Faili milioni moja zisizoguswa hazimpotezei mtu hata dakika. Ukisahau bomba, `zfs send` inakataa katakata: mkondo huu hauandikwi kwenye teminali, uelekeze mahali. Naupenda ukali huo. Chombo kinachojua kukataa kimeniokoa mara nyingi kuliko chombo kinachojua kuniuliza kama nina uhakika.

Intaneti yetu nayo ina visa vyake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikaonja uchungu wake. Anayetuma nakala kubwa kwenda ng'ambo katika siku kama hiyo, upande wa pili ukiwa unapokea kwa `receive -s`, haanzi upya. Upande wa pili unatunza tokeni, mfuatano mrefu wa herufi na namba usio na sura, na ukiipa `zfs send -t` kazi inaendelea pale pale ilipokatikia.

Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kazi hii unajulikana. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab aliyekuwa akihangaika na hifadhidata iliyolemewa alifuta folda akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye ile kuu. Alipogutuka na kusimamisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba. Zile za kila siku hazikuwapo: programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL wakati hifadhidata ilikuwa ya 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kila ilipoitwa. Barua pepe za kutangaza kushindwa huko zilitumwa kweli, ila zilikataliwa njiani kwa kukosa saini ya DMARC ya kumthibitisha mtumaji. Kazi iliitwa kwa ratiba, ikafeli, ikalalamika, na hakuna aliyesikia. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Ya saa hizo sita yalipotea. Nawasifu kwa jambo moja: walieleza yote hadharani, hata urejeshaji wenyewe wakauonyesha moja kwa moja kwenye YouTube.

Amri iliyofaulu hukaa kimya, na amri ambayo kilio chake hakifiki hukaa kimya vile vile. Ufundi wote ninaousifu hapa ni wa kuvitenganisha vimya hivyo viwili. Chukua mfano mdogo: `zfs send data/hesabu@jumanne | gzip > hesabu.gz`. Ikitokea `send` ikafa katikati, gzip haina habari. Itakandamiza kwa furaha nusu iliyoipata, itafunga faili vizuri, na ukiuliza `echo $?` utajibiwa sifuri, yaani mambo safi. Ganda la amri hutazama mwisho wa bomba tu. Ndiyo maana skripti ya mtu makini ina `set -o pipefail` pale juu, ili kipande chochote kikifeli bomba zima lihesabiwe limefeli. Ndiyo maana pia sipendi kuuweka mkondo kama faili: biti moja ikiharibika, `receive` itaukataa, nawe hutajua mpaka siku ya shida. Ukipokelewa ghalani papo hapo, kasoro inajulikana papo hapo.

Kurejesha kwenyewe mara nyingi hakuna vituko. Mtu kafuta barua, unaingia kwenye folda iliyofichwa ya `.zfs/snapshot`, unaikuta Jumatatu nzima imekaa kama ilivyokuwa, unachukua faili kwa `cp`, basi. `zfs rollback` ni habari nyingine. Hiyo inafuta yote yaliyofuata, na kama kuna snapshoti mpya zaidi inagoma mpaka uiongezee `-r`, ambayo inaziteketeza. Nimewaona mafundi hodari wasioigusa. Wao hutumia `zfs clone`, wakaitazama jana bila kuiua leo. Na kabla ya kufuta chochote huandika `zfs destroy -nv`, wakasoma orodha ya vitakavyoondoka, wakamsomea na mwenzao, ndipo wanapoitoa ile n inayozuia ufutaji. Kitufe huwezi kumsomea mtu kabla ya kukibonyeza. Amri unaweza, na kesho yake bado ipo kwenye historia pamoja na makosa yake ya tahajia.

Jaribio la kurejesha silipendi lifanywe na fundi peke yake, maana fundi anajua bloku, hajui hesabu. Dada mmoja wa uhasibu niliyemfungulia kloni alilipitia daftari la Machi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza: "Sasa kaka, na zile taarifa za wafanyakazi tulizozifuta makusudi, nazo bado zimo humu?" Zimo. Zitakuwamo mpaka iondoke snapshoti ya mwisho inayozishikilia, ilhali sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinatambua kwamba kuna hali ambapo mtu anaweza kudai taarifa zake zifutwe. Tukakaa kupanga umri: za kila saa zife baada ya siku mbili, za kila siku baada ya mwezi. Za kila mwezi ndizo zilizoleta ubishi. Yeye alitaka mwaka mmoja, mkaguzi wa hesabu akataka zaidi, na skripti ikabaki na mstari mmoja mtupu nikiwasubiri wakubaliane.