Kimbunga Kijacho Kitatua Wapi? Hesabu Iliyopigwa Kutokea Kaole

Kwenye magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, bahari haionekani tena kirahisi. Msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe yenye nguzo bado vimesimama, lakini mbele yake, palipokuwa bandari, pamejaa matope na mikoko imeota juu yake. Upande wa Mbegani ngalawa hulala ubavu maji yakitoka, na nanga zake huonekana juu ya mchanga. Mahali kama hapa ndipo panapofaa kuulizia swali linalorudi kila masika yakikaribia: msimu ujao kimbunga kikija pwani ya Tanzania, kitapiga wapi?

Hayo kwa kweli ni maswali mawili, na watu huyachanganya. Lipo swali la siku tatu kabla, kimbunga kikiwa kimeshazaliwa baharini. Na lipo swali la miezi sita kabla, bahari ikiwa shwari na hakuna hata wingu la kulionyesha kidole. La kwanza hujibiwa kwa fizikia na picha za setilaiti. La pili hujibiwa kwa historia, na historia ya pwani hii ni fupi kuliko wengi wanavyodhani.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa ya mgandamizo mdogo wa hewa katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa pwani ya kusini. Tarehe 3 mgandamizo huo ulikuwa kimbunga kamili chenye jina la Hidaya. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari. Tarehe 4 kikaingia nchi kavu kisiwani Mafia na nguvu zikakiisha.

Kazi iliyofanyika katika siku hizo chache inastahili kutazamwa kwa karibu. Upande huu wa bahari hakuna ndege zinazorushwa kuingia ndani ya kimbunga kupima upepo, kama Wamarekani wanavyofanya kwao. Kinachotegemewa ni jicho la setilaiti ya Meteosat iliyowekwa juu ya Bahari ya Hindi, na mbinu iliyobuniwa na Vernon Dvorak miaka ya 1970: mtaalamu huangalia umbo la mawingu, jinsi mikanda yake inavyojizungusha na jinsi kitovu kilivyofunikwa, kisha hukadiria kasi ya upepo. Kituo cha kanda kiko kisiwani Réunion, chini ya Météo-France, na ndicho kinachotoa makadirio ambayo TMA huyachukua na kuyapima kwa macho ya hapa nyumbani.

Njia ya kimbunga nayo hukisiwa kwa kompyuta. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa hupiga hesabu ileile mara 51, na kila mara hubadili kidogo hali ya kuanzia, kwa sababu hakuna anayejua hali halisi ya kila pembe ya bahari. Majibu yakichorwa pamoja hutoka mithili ya kindu zilizofungwa upande mmoja: mwanzoni zimeshikana, kadiri zinavyoelekea mbali ndivyo zinavyotawanyika. Siku moja kabla, kindu karibu zote huelekea mahali pamoja. Siku tatu kabla, kosa la kilomita 100 na zaidi ni jambo la kawaida. Kutoka Kaole hadi Mafia ni karibu kilomita 180 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo mtu wa Bagamoyo aliyesikia tahadhari ya Hidaya alikuwa na haki ya kuifikiria nyumba yake, hata kama kimbunga chenyewe kiliishia Mafia.

Mtwara iliwahi kukaa katika hali hiyohiyo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipopita kaskazini mwa Komoro, mkoa ulitahadharishwa na watu wakajiandaa. Tarehe 25 kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kilomita kama 200 kusini yake. Wapo waliosema tahadhari ilikuwa ya bure. Haikuwa ya bure. Kilomita 200 ndio upana wa kosa ambalo elimu ya sasa bado haijaliondoa. Na Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuja na somo tofauti: kilielekea Dar es Salaam kama ilivyokisiwa, ila hewa kavu na upepo wa juu uliotofautiana na wa chini viliking'oa kichwa, kikafika pwani kikiwa mabaki ya mawingu. Njia ilipatikana, nguvu ndizo zilizokosewa.

Sasa swali la miezi sita kabla. Marekani kuna watu wanaolijibu kila mwaka. William Gray wa Chuo Kikuu cha Colorado State alianza kutoa utabiri wa msimu wa Atlantiki mwaka 1984, na warithi wake leo hutaja hadi uwezekano wa kila jimbo la pwani kupitiwa na kimbunga ndani ya maili 50. Msomaji wa haraka hudhani kompyuta imeona kitu juu ya Florida. Haijaona. Kinachofanyika ni hatua mbili: huhesabiwa ni mara ngapi kila eneo lilipigwa zamani, kwa kumbukumbu zinazoanzia 1880, kisha hesabu hiyo hupandishwa au kushushwa kulingana na joto la bahari na hali ya El Nino mwaka huo. Tofauti kati ya eneo moja na jingine yote hutoka kwenye daftari la zamani. Utabiri wa msimu huongeza au kupunguza tu kiwango cha jumla.

Daftari la Tanzania lina nini? Vimbunga vilivyofika pwani hii vikiwa bado havijavunjika, na vinavyojulikana vizuri, ni vitatu: cha Zanzibar cha Aprili 15, 1872, cha Lindi cha Aprili 15, 1952, na Hidaya. Vitatu ndani ya miaka 152. Ukigawa, unapata kimoja kwa kila miaka 50 hivi kwa pwani nzima, yaani asilimia 2 kwa msimu. Ukibanwa useme Bagamoyo peke yake, una tukio moja tu, lile la 1872.

Na tukio moja ni daftari dogo mno. Kanuni za takwimu husema tukio moja ndani ya miaka 152 linaweza kutokana na hatari ya mara moja kwa miaka 27, au mara moja kwa maelfu ya miaka; namba zenyewe haziwezi kuchagua. Hata huo mwaka wa kuanzia una kasoro, kwa kuwa hesabu inaanza na kimbunga chenyewe. Anayetangaza kwa uhakika kwamba msimu ujao ni zamu ya wilaya fulani anauza kitu asichokuwa nacho.

Lakini hiki cha 1872 hakifai kupitwa haraka. Kisiwani Unguja sehemu kubwa ya mikarafuu iling'oka, na merikebu za Sultani Barghash zikaharibika bandarini. Pemba, ng'ambo ya mkondo wa kilomita kama 50, ikasalimika kwa kiasi kikubwa, ndipo karafuu ikahamia huko na mpaka leo Pemba ndiyo nchi ya karafuu. Bagamoyo, majengo ya mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika 1868 yalibomolewa. Henry Morton Stanley, akirudi kutoka kuonana na Livingstone, alikuta bonde la Makata limefurika na sehemu ya kuta za Simbamwenni, karibu na Morogoro ya leo, imechukuliwa na mto. Alipoingia Bagamoyo tarehe 6 Mei alikuwa ameshapata habari ya kilichotokea pwani. Ramani ya hatari ingechorwa siku moja kabla ya kimbunga hicho, ingemwambia kila mtu kwamba kusini ndiko kwenye hatari.

Na ingekuwa na sababu. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili kijisokote, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu. Chini ya digrii 5 ni nadra kuzaliwa. Mtwara iko digrii 10 kusini, Mafia karibu 8, Kaole 6 na nusu. Vingi vinavyotoka mashariki hupinda kuelekea kusini kabla ya kuifikia Tanzania, na Madagaska huvizuia vingine. Kwa hiyo mteremko upo: kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo hatari inavyopungua. Haifiki sifuri. Wiki chache tu baada ya Hidaya, kimbunga Ialy kilipanda juu zaidi na kusumbua bahari ya Kenya.

Daftari hilohilo fupi lina jambo lililo wazi zaidi kuliko mahali: wakati. 1872, Aprili. 1952, Aprili. Kenneth na Jobo, Aprili. Hidaya na Ialy, Mei. Msimu rasmi wa vimbunga wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza katikati ya Novemba na kwa nchi nyingi hufungwa Aprili 30, lakini pwani hii hupata vyake mwishoni kabisa, hata baada ya pazia kushushwa. Ni majira ambayo manahodha huyaita maleleji, kaskazi imeshachoka na kusi haijashika, maji yangali na joto la mwaka mzima na mikanda ya mvua inapita juu ya vichwa. Mtu akiulizwa akisie msimu ujao, jibu la kweli ni la kalenda: kati ya Aprili 10 na Mei 20, masikio yawe wazi.

Jambo la pili linahusu upande. Katika nusu hii ya dunia kimbunga huzunguka kufuata mshale wa saa. Kikitua, upepo wa kutoka baharini hupiga walio kusini ya kitovu, na walio kaskazini hupata upepo wa kutoka bara. Ndiyo maana Hidaya ilipotua Mafia, mkong'oto ulikuwa Kilwa na Lindi, barabara kuu ya kusini ikakatika Somanga, na Bagamoyo ikapata sehemu nyepesi. Kwa Kaole, kimbunga cha kuogopa ni kitakacholenga Saadani au Pangani.

La tatu ni maji, na hapa mwezi una neno. Hidaya ilitua siku nne kabla ya mwezi mpya, maji yakiwa mafu. Ukirudisha hesabu ya mwezi hadi Aprili 15, 1872, unakuta mwezi wa siku saba hivi, robo ya kwanza: maji mafu tena. Siku ya Lindi ya 1952 bamvua lilikuwa limeshapita. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu kilichokutana na bamvua. Tofauti ya kupwa na kujaa huku inafika mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, na mkondo kati ya Unguja na Bagamoyo una maji mafupi ambayo upepo huyasukuma kwa urahisi. Hidaya ingechelewa siku tano na kutua kaskazini zaidi, mikoko ya Kaole ingepimwa kwa namna ambayo hakuna mzee aliye hai aliyewahi kuiona. Tarehe za kimbunga hazijulikani mapema, lakini za bamvua zimo kwenye jedwali la maji la mwaka mzima, na kati ya Aprili 10 na Mei 20 huwa ni mbili au tatu tu.