Kuku Wetu Walitoka Wapi? Shahidi ni Mtetea

Asubuhi kwenye feri ya Likoni, ndani ya tenga moja lililotoka Kwale, utaona kuchi wa shingo ndefu na miguu minene, kishingo asiye na manyoya kooni, na mtetea wa madoadoa. Wote twawaita kuku wa kienyeji. Ila asili ya kuku ni Asia. Basi hawa wetu walifikaje?

Mwaka 2011, Joram Mwacharo na wenzake walichapisha jibu lililotokana na kuku 512 wa vijijini Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan. Walichagua DNA ya mitokondria, ambayo kifaranga huirithi kwa mama. Kwa kuku ni duara la herufi 16,775 hivi, na karibu kila sehemu ina kazi yake; kosa kubwa la kunakili likiingia pale, mara nyingi hupotea na kuku mwenyewe. Lakini pana kipande kifupi kisichotengeneza protini. Humo makosa husalia, yakarithiwa mtetea kwa mtetea. Ndicho walichokisoma, herufi kwa herufi: kuku wanaoshiriki makosa yaleyale ni wa ukoo mmoja.

Zikapatikana koo zisizopungua tano. Hata hivyo koo tupu hazitaji bandari. Kazi iliiva, kwa maoni yangu, pale zilipolinganishwa na za kuku wa Asia. Ukoo D, ulioenea kuliko wote, ukaelekea Bara Hindi. A, unaoufuatia, ukaelekea Asia ya Mashariki au Kusini-Mashariki, na watafiti wakaona uliingia kwa njia ya bahari. Sisi tuliolelewa na habari za majahazi ya kaskazi tumepata ushahidi mwingine, safari hii kutoka damuni. B na C ni adimu. Huenda zililetwa juzijuzi na kuku wa biashara. E ulifanana na kuku wa Yunnan, China, na asili yake ikabaki fumbo.

Njia hii haimwoni jogoo kabisa. Mfugaji wa Kisauni akinunua jogoo wa kisasa, vifaranga watanenepa na kubadilika rangi, lakini mitokondria yao itabaki ya mama yao vilevile. Anayetaka habari za baba lazima asome DNA ya kiini cha seli. Wala umbo halisaidii: yule kuchi na yule kishingo wa kwenye tenga, pamoja na tofauti zao zote, wanaweza kuwa wa bibi mmoja.