Nani Alimweka Drouin Namba Moja?

Kuna aina moja ya uandishi inayosomwa na vijana wengi kuliko riwaya, na sijaona mhakiki akihangaika nayo: orodha ya chipukizi. Unazijua. Namba 1 mpaka 20, jina, umri, urefu, uzito, halafu aya moja inayokuambia kijana huyu atakuwa nani akifika miaka 25. Mtu wa FPL hapa Nairobi anazijua kwa umbo lake jepesi: nani ununue wiki hii, nani umtoe, nani umpe unahodha. Lakini FPL ni ya msimu mmoja. Mei ikifika kila kitu kinafutwa, Agosti mnaanza sifuri. Ukitaka kuona orodha ya chipukizi iliyokomaa, yenye lugha yake, miiko yake na uongo wake, nenda kwenye hoki ya barafuni ya Marekani Kaskazini.

Najua, najua. Ukitaja hoki hapa, mtu anafikiria magongo pale City Park. Wachache watawakumbuka Ice Lions, wale wasee wa kuteleza kwenye barafu ya Panari, Mombasa Road, ambao mwaka 2018 walionekana kwenye tangazo la kampuni ya kahawa wakicheza Kanada pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa wengine wote, acha nieleze haraka.

Ligi kuu, NHL, ina timu 32. Kila mwaka zinaketi kuchagua vijana, wengi wao wa miaka 18, raundi saba, majina 224. Timu zilizofanya vibaya ndizo zenye nafasi nzuri ya kuchagua mapema. Kijana akishachaguliwa, anaweza kukaa miaka mitatu, minne, kwenye ligi za vijana au ligi ndogo kabla hujamwona kwenye runinga. Sasa, kwenye fantasi ya hoki kuna ligi zisizoisha: mchezaji uliyemchukua unabaki naye mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mameneja wa fantasi huwinda watoto. Mimi niko kwenye ligi moja kama hiyo, niliingizwa na binamu yangu anayeishi Ontario, na nusu ya kelele zetu kwenye WhatsApp zinahusu vijana ambao hakuna hata mmoja wetu amewahi kuwaona wakicheza. Tunachokijua tumekipata kwenye orodha. Kuna mtu mahali amewapanga chipukizi wa timu fulani kutoka bora mpaka wa mwisho, na sisi tunanunua tukimfuata.

Nitachukua timu moja, Tampa Bay Lightning, kwa sababu historia yao ya karibuni ni kama mtihani ambao umeshasahihishwa.

Mwaka 2013 Tampa walichagua wa tatu, wakamchukua Jonathan Drouin, kijana wa Quebec aliyekuwa ametoka kupata pointi 105 katika mechi 49 akiwa Halifax. Kwenye hoki bao ni pointi moja na asisti ni pointi moja, kwa hivyo huyu alikuwa anahusika na mabao zaidi ya mawili kila akivaa viatu. Halifax alicheza pamoja na MacKinnon, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huohuo, na wawili hao walikuwa wamebeba Memorial Cup, taji kubwa la vijana kule Kanada. Nani angemweka mwingine juu yake kwenye orodha ya chipukizi wa Tampa? Mwaka uliofuata wakamchukua Brayden Point, wa 79. Mfupi kwa vipimo vya mchezo huo, pointi 91 katika mechi 72 akiwa Moose Jaw. Ni aina ya kijana anayepewa aya fupi yenye neno "lakini" katikati.

Majibu tunayo. Point ndiye aliyefunga mabao mengi kuliko wote kwenye mechi za mtoano za 2020, mabao 14. Akarudia 2021, tena 14, na miaka yote miwili Tampa walinyanyua Kombe la Stanley. Msimu wa 2022-23 alifunga 51. Drouin alikuwa ameshauzwa Montreal tangu Juni 2017.

Sisemi walioandika orodha zile walikuwa wajinga. Kukosea ni haki ya kila anayetabiri, na juu kabisa ya meza mara nyingi wanapatia: Tampa hao hao walimchagua Steven Stamkos wa kwanza 2008 na Victor Hedman wa pili 2009, na wote wawili walilipa kila shilingi. Ninacholalamikia ni namna orodha inavyoandikwa. Imeandikwa kwa lugha ambayo haiwezi kukosea. Anayekosea siku zote ni mtoto.

Sikiliza maneno yake. Kijana ana "dari" na ana "sakafu". Dari ni pale juu kabisa anapoweza kufika, sakafu ni pale chini kabisa anapoweza kuangukia. Mtoto amegeuzwa nyumba ya kupangisha, na mwandishi ni dalali anayekutembeza vyumbani. Lakini soma vizuri uone ujanja wake. Nikisema dari la fulani ni nyota wa safu ya kwanza na sakafu yake ni kucheza ligi ndogo, nimesema nini? Nimesema lolote linaweza kutokea. Akiwa nyota, si niliwaambia kuhusu dari? Akipotea, si niliwaonya kuhusu sakafu? Halafu kuna neno la mwisho, lile linalotumika miaka minne baadaye: kijana "amefeli". Hakuna anayeandika kwamba aya yangu ya 2013 imefeli. Sisi lugha yetu inamwita chipukizi, kitu kilichotoka ardhini juzi, ambacho bado kinategemea mvua na jirani asiyefunga mbuzi wake. Afadhali hiyo. Mmea ukikauka, angalau mtu anauliza nani alikuwa anamwagilia.

Swali la nani anamwagilia ndilo orodha hailigusi kabisa. Angalia ile safu iliyoibeba Tampa mpaka fainali ya 2015: Tyler Johnson, Ondrej Palat, Nikita Kucherov. Kucherov alichaguliwa wa 58 mwaka 2011, ingawa mwaka huohuo alikuwa amepata pointi 21 katika mechi saba za ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 18. Timu nyingi zilikuwa zinawaogopa vijana wa Urusi, ati watabaki kwao. Msimu wa 2018-19 alipata pointi 128 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Palat alikuwa wa 208. Johnson hakuchaguliwa na timu yoyote. Alikuwa mfupi mno, na mtoano ule wa 2015 akafunga mabao 13. Johnson na Palat walikuwa wamepitia kwa Jon Cooper huko Norfolk, timu ndogo ya Tampa, iliyoshinda mechi 28 mfululizo mwaka 2012 na kuchukua ubingwa wa ligi yake. Cooper, mtu aliyewahi kuwa wakili, akapandishwa kuwa kocha wa Tampa Machi 2013. Kwa hivyo vijana hawa walipofika juu, mlangoni alikuwa amesimama mtu anayewajua kwa majina. Hiyo utaiweka kwenye safu gani ya jedwali, kati ya urefu na uzito?

Kuna watakaosema siku hizi jedwali limekuwa la kisayansi. Kweli, kuna hesabu ya kubadilisha pointi za ligi ya vijana ziwe pointi za NHL, kama unavyobadilisha shilingi kuwa dola: pointi za ligi ngumu zinabaki na thamani, za ligi laini zinakatwa. Ni hesabu nzuri na naitumia. Ilisaidia hasa vijana wafupi, waliokuwa wanadharauliwa na wazee wa kusaka vipaji kwa macho tu. Lakini hubadilisha kile tu kilichohesabiwa, na fantasi yenyewe huhesabu vichache: mabao, asisti, mashuti, na vitu vingine viwili vitatu.

Hapo ndipo mtu kama Anthony Cirelli anapopotea. Ligi ya vijana ya Ontario haikumchagua. Alijipeleka Oshawa kufanya majaribio, akapata nafasi. Fainali ya Memorial Cup ya 2015 Oshawa walishinda 2-1, na mabao yote mawili yalikuwa yake. Mwezi uliofuata Tampa wakamchukua wa 72. Kazi yake ni kumnyima usingizi nyota wa timu pinzani. Mwaka 2020 ndiye aliyefunga bao la muda wa nyongeza lililowapeleka Tampa fainali. Kwenye fantasi? Mtu wa akiba. Unamweka pale mwenzake akiumia. Orodha ya chipukizi ya fantasi ikimweka chini haijadanganya, imejibu swali lake. Shida ni kwamba msomaji anaisoma kama jibu la swali jingine, yaani kijana gani ni mzuri, na waandishi wengi wanamwacha aisome hivyo kwa sababu swali hilo ndilo linaloleta wasomaji.

Na mimi namba moja-moja hizo sizitaki. Hakuna binadamu anayeweza kukueleza tofauti ya chipukizi wa 7 na wa 13. Wapange kwa makundi: hawa watatu karibu watafika, hawa wanane inategemea, hawa wengine tuwaombee. Na kwenye kila kundi nipe sentensi moja ya mtu aliyekaa uwanjani. Ukiniambia kijana huyu akipoteza kile kisahani cheusi anageuka na kumkimbiza aliyemnyang'anya, badala ya kuinua mikono kumlalamikia refa, umeniambia zaidi ya "dari kubwa". Waandishi wa namna hiyo wapo, na unawatambua haraka: ni wale wanaoacha orodha zao za zamani pale pale, na wakati mwingine wanazirudia mstari kwa mstari kueleza wapi waliona vibaya.

Labda nina ukali kuhusu hili kwa sababu ya nilikotoka. Sisi tumekua ndani ya orodha. KCPE ilifanywa mara ya kwanza 1985 na ya mwisho 2023, na miaka hiyo yote mtoto wa darasa la nane alipewa alama juu ya 500 (zamani hata 700), na shangazi zake wote wakazijua. Mtoto wa 412 aliitwa namba moja wa kijiji. Wa 240 aliitwa namna nyingine. Nani aliwahi kusikia mtihani ukiulizwa baada ya miaka kumi, wewe ulisema nini kuhusu yule msichana na mbona sasa ana kliniki yake? Basi nikisoma aya inayomwita kijana wa miaka 19 "bidhaa ambayo thamani yake imeshuka", nasikia sauti ninayoijua.

Drouin aliisikia mapema. Januari 2016, akiwa na miaka 20, aliposhushwa ligi ndogo, wakala wake alitangaza kwamba ameomba kuuzwa. Kijana akakataa kucheza, klabu ikamsimamisha bila mshahara. Akarudi, na mtoano wa mwaka huo akapata pointi 14 katika mechi 17. Mwaka uliofuata akauzwa Montreal, kwao Quebec, mji ambako kila mtu mpaka dereva wa teksi ni kocha, kwa mkataba wa miaka sita. Aprili 2021 aliondoka kwenye timu. Miezi miwili baadaye Montreal walicheza fainali dhidi ya Tampa, kina Point na Kucherov upande ule, na Drouin hakuwepo. Septemba akaeleza mwenyewe: wasiwasi na kukosa usingizi, mambo aliyokuwa akiyabeba kwa miaka. Ukisoma tena yaliyoandikwa kumhusu kabla ya hapo, neno linalorudi ni juhudi. Ati hana juhudi. Mtu halali usiku, na jedwali linamwekea alama ya juhudi.

Msimu wa 2022-23 alifunga mabao mawili. Mawili, msimu mzima. Mkataba ukaisha, na Colorado wakamchukua kwa mwaka mmoja, dola 825,000, pesa ndogo kwa ligi ile. Colorado ni kwa MacKinnon, yule wa Halifax. Alipata pointi 56 katika mechi 79, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake, akiwa na miaka 28 tayari, umri ambao hakuna orodha ya chipukizi inayomtaja mtu.

Kwenye ligi yetu hakuwa wa mtu. Katikati ya msimu jamaa mmoja akamchukua bure, na tulipomuuliza ameona takwimu gani, akajibu kwamba aliangalia mechi mbili akaona MacKinnon anamtafuta.