Kisu cha Mamba, Kuni za Machame

Kisu kinachopasua karatasi kimeonyesha tu kwamba kimenolewa. Kama kimefuliwa vizuri, hilo litasemwa na mti.

Changu kipya kimetoka Mamba, upande wa Marangu, ambako koo za wahunzi bado zinafua kwa nyundo. Zamani chuma kilivushwa kutoka Ugweno, Upare ya kaskazini, walikokiyeyusha Washana, na mikuki iliyofuliwa Uchagani ilinunuliwa hadi Umasaini. Leo chuma chenyewe ni springi ya gari lililochakaa, nami sioni upungufu wowote hapo. Springi imeumbwa ipinde na kurudi, na ina kaboni ya kutosha kushika makali. Kinachobaki ni jicho la mhunzi.

Jicho hilo ndilo ninalolisifu. Chuma kikifikia nyuzi 770 hivi za Selsiasi, sumaku haikinasi tena, na kikizidi hapo kidogo ndipo huzimwa ili kiwe kigumu. Mhunzi hana kipimajoto. Hufanya kazi kivulini, maana juani rangi ya moto hudanganya, anapuliza moto kwa mivukuto, anangoja wekundu anaoujua yeye, kisha anakitumbukiza kwenye mafuta. Hapo kisu ni kigumu lakini huvunjika kama chungu. Basi hukipasha tena, taratibu, mpaka uso uliosuguliwa uanze kuwa manjano ya nyasi kavu. Akichelewa ukageuka buluu, makali yamekwisha kulegea. Kazi ya dakika chache, na hakuna kinoo kitakachokirudishia kisu matiko kiliyoyakosa pale. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyetumikia Uchagani, alichapisha makala mwaka 1912 kuhusu mhunzi na imani zilizoizunguka kazi yake. Kwamba watu walimheshimu mtu huyo na kumwogopa kwa pamoja, mimi naona ni haki kabisa.

Nilikijaribu Machame wakati wa masika, kwa makusudi. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hunywa mvua nyingi, na mwezi wa nne kuni za kihambani, yaani za shamba la nyumbani, huwa zimelowa hadi ndani ya gome. Kwenye mringaringa, mti mwepesi ambao wazee walichongea mizinga ya nyuki, kisu kilipita bila kusukumwa. Tawi la mbuni ni habari nyingine: gumu, limejaa vifundo. Nililisimamisha juu ya gogo, nikaweka makali kichwani pake, nikagonga mgongo wa kisu kwa rungu. Msuka wake umepita mpaka mwisho wa mpini, kwa hiyo mpini haukutikisika, na tawi likapasuka katikati. Ndani lilikuwa kavu. Nikalichonga pembeni nyuzi nyembamba zilizojikunja bila kukatika, zikabaki zimeshika kijiti. Moto hupanda upesi kwenye nyuzi za namna hiyo hata hewa ikiwa na ukungu.

Kiberiti nilikuwa nacho, ila babu jirani alitaka moto wa kupekecha. Akashusha kijiti na kibao vilivyokaushwa na moshi darini, juu ya meko.

“Kata mfereji kwanza, mwanangu,” akasema. “Tundu lisilo na mfereji hutoa moshi tu.”

Ndivyo ilivyo. Unga mweusi unaosagwa na kijiti lazima uwe na pa kuangukia, ulundikane, utunze joto lake na upate hewa. Mfereji huo mdogo wa pembe tatu, ukingo wake ukiwa safi, ni kipimo kikali kwa ncha ya kisu kuliko kupasua gogo. Unga ukafuka, tukaumwaga kwenye majani makavu ya mgomba yaliyofikichwa, babu akapuliza, ukashika.

Yote haya tuliyafanya kihambani. Ndani ya hifadhi ya mlima kuokota kuni na kuwasha moto ni marufuku, na aliyeuona moto wa Oktoba 2020 ukila vichaka vya juu ya mlima usiku baada ya usiku hatahitaji kuelezwa sababu.

Baada ya mbuni na vifundo vyake, bila kukinoa, kisu bado kilinyoa nywele za mkono. Babu alikigeuzageuza, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaniuliza mhunzi huyo hufua na mundu? Hufua. Nimemwagizia babu mundu mmoja, wa kukatia ng'ombe wake majani.